Mbio ya Moto: Utamu Wake na Bei Yake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mukutano wa wanachama, Kindu)



Leo tunataka kusema juu ya mbio: mbio ya moto, na mbio ya gari. Hatukuje kugombeza vijana. Ile "haraka haraka haina baraka" wameisikia tangu wakiwa mugongoni mwa mama, na bado wanafungua gazi. Tuanze na ukweli: mbio iko tamu.

Wengi wetu tulipita miaka ya vita tukitembea kwa miguu, mizigo kichwani, tukilala porini. Wengine walisukuma baiskeli yenye chumvi na sabuni, siku kwa siku, toka Kindu mupaka Kasongo. Kijana aliyekomea katika ile maisha, siku anapata TVS chini yake na barabara kavu mbele yake, upepo unamupiga kifua, moyo unadunda, anajisikia mutu. Hakuna kizuizi, hakuna foleni ya kungojea unga. Ule utamu si ujinga. Anayeukataa hatasikilizwa na kijana hata mumoja.

Sasa tupime bei yake. Hapa Maniema kila mutu anajua muti wa ngazi, na karibu kila kijiji kiko na mutu aliyeanguka toka juu akikata ngazi. Basi tupime mbio kwa ule muti. Ukigonga ukuta ao lori iliyosimama, ukiwa kwenye kilometa 40 kwa saa, ni sawa na kuanguka toka mita 6. Kwenye 60, ni mita 14: pale ni kichwa cha muti wa ngazi mukubwa. Kwenye 80, ni mita 25, na muti wa urefu ule si rahisi kuupata. Muone: toka 40 mupaka 80 mbio imeongezeka mara 2, lakini urefu wa kuanguka umeongezeka mara 4. Hakuna anayepanda muti wa mita 25 ili aruke chini, hata kama rafiki zake wanamupigia makofi. Lakini juu ya moto tunafanya vile kila siku, na mama mwenye mutoto mugongoni tumemubeba nyuma.

Kuna pia jambo la freni. Kwenye 60, moto inakula karibu mita 17 kila sekonde. Mutoto akitoka nyuma ya nyumba akifuata mupira, wakati macho yanaona na mukono unafika kwenye freni, zile mita 17 zimekwisha kwenda, na moto haijaanza hata kupunguza. Ongeza abiria wawili na kilo 50 za muchele. Ongeza mvua yetu, yenye kugeuza udongo mwekundu kuwa sabuni.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba mbio ya kawaida ya barabara ikipanda kwa 1 kwa mia tu, hatari ya ajali yenye kuua inapanda kwa 4 kwa mia. Linasema tena kwamba kofia ya moto inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 40 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu 70 kwa mia. Lakini ni kofia iliyo kichwani na iliyofungwa chini ya kidevu. Ile yenye kuning'inia kwenye usukani inalinda usukani.

Sasa tuulize: mbio inaleta nini? Tuchukue safari ya kilometa 4 hapa mujini. Kwa 40, ni dakika 6. Kwa 60, ni dakika 4. Kijana ameokoa dakika 2. Kisha anafanya nini? Anarudi kwenye parkingi, anakaa juu ya moto chini ya mwembe, anangoja muteja mwingine nusu saa.

Mutasema: kama ni vile, juu ya nini anakimbia? Hapa ndipo tunataka wazee wasikie. Moto nyingi zinazotembea Kasuku, Mikelenge na Alunguli si mali ya wanaoziendesha. Kila jioni mwenye moto anangoja pesa yake. Mvua inyeshe toka asubuhi, pesa ni ile ile. Basi ikifika saa kumi, kijana anatafuta kupata kwa saa mbili kile alichokosa siku nzima. Pirogi ikifika kwenye kivuko, wote wanaruka pamoja juu ya wateja watatu. Pale mbio si utamu tena. Ni deni ndilo linashika gazi.

Kwa hiyo kufundisha tu hakutatosha. Mufupa wa paja ukivunjika, jamaa inauza mbuzi, inauza baiskeli, inakuja kupiga hodi kwenye kasha yetu. Kila aliyekaa kwenye komite ya kasha anajua. Pesa ya mbegu inageuka pesa ya plasta.

Tunaleta maombi manne, na tunaomba mukutano uamue.

La kwanza: mwanachama mwenye kukodisha moto apokee pesa kwa juma, si kwa siku. Siku moja ya kupumuzika isihesabiwe, na siku ya mvua kubwa isihesabiwe.

La pili: moto yoyote itakayonunuliwa kwa mukopo wa kasha itoke na kofia mbili, ya dereva na ya abiria, pamoja na pesa ya kubadilisha freni na magurudumu. Marafiki wafadhili, hapa tunawatazama ninyi: moto bila kofia ni zawadi ya nusu.

La tatu: abiria asimuongezee motari franka ili akimbie. Na mama akisema "polepole", dereva asijibu kwa kufungua gazi. Aliyelipa yuko na haki.

La ine: gari nazo. Zile za kubeba watu juu ya mizigo kwenye barabara ya Kalima, na zile za mashirika zenye bendera, zikiingia kijijini zipunguze. Kuku, mbuzi na watoto hawajui kwamba gari inachelewa kwenye mukutano.

Vijana, hatuwaombi muache moto. Ndiyo inalisha nyumba nyingi hapa. Tunaomba ikifika saa kumi na mbili jioni, moto irudi, na ninyi muwe juu yake, na miguu yote miwili.

Sasa neno liko kwenu: tuanze na ombi la kwanza.