Betri Ikifa, Nani Atalipa?

Tumeombwa kuupima umeme wa jua: je, wafaa kwa mazingira na kwa mfuko wa mnyonge, si leo tu bali kwa miaka mingi? Kwamba jua ni afadhali kuliko kibatari, hilo halihitaji hotuba. Moshi wa mafuta ya taa umewatesa mama zetu vya kutosha.

Paneli yenyewe haina lawama kubwa. Iliyotengenezwa vizuri hudumu miaka 25 na zaidi, na katika miaka michache ya kwanza huzalisha nishati yote iliyotumika kuiunda. Bei yake nayo imeshuka mno tangu mwaka 2010. Lakini mwanga wa usiku hutoka kwenye betri. Betri ya risasi, isipozoezwa kutumiwa mpaka iishe kabisa, huchakaa baada ya miaka mitatu hadi mitano hivi. Basi, katika umri wa paneli moja, familia itanunua betri tano au zaidi. Muuzaji aghalabu hutaja bei ya ile ya kwanza tu! Za lithiamu hudumu zaidi, lakini nazo hufa.

Zilizokufa huenda wapi? Za risasi huyeyushwa ili madini yake yatumike tena, jambo jema likifanywa kwa usalama. Katika Owino Uhuru, mtaa wa maskini mjini Mombasa, halikufanywa hivyo. Kiwanda kilichoyeyusha betri za aina hiyo, ambazo magari pia huzitumia, kilianza kazi mwaka 2007 kando ya nyumba za watu, na sumu ya risasi ikaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo na ambaye mwanawe aliathirika, aliwaongoza wakazi kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 rufani ikaitengua, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Ihesabuni miaka hiyo, ndugu zangu: ni 17.

Kwa hiyo, kabla kikundi chenu hakijatoa malipo ya awali, mwulizeni muuzaji: betri ikifa, utaipokea? Utaipeleka wapi? Utatupunguzia bei ya mpya? Na majibu yake yaandikwe kwenye stakabadhi.