"Mtandao Haupo" Si Jibu

Hotuba ya Afisa TEHAMA wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata



Nimeitwa kujibu swali lililoulizwa katika mkutano uliopita. Mama mmoja, mwenye kibanda cha biashara, alisema alifika ofisi ya kata mara tatu kutafuta namba ya kumbukumbu ya malipo ili alipie leseni yake. Mara zote tatu aliambiwa, "Mtandao haupo, rudi kesho." Nauli ya bodaboda alilipa mara tatu, kwenda na kurudi, na leseni hakuipata. Akauliza: huo mtandao huwa umekwenda wapi?

Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Mtandao wa ofisi ni kama maji ya bomba. Kuna chanzo, kuna bomba kuu, kuna tawi la kuingia nyumbani, na mwisho kuna koki. Maji yasipotoka, hatusemi mara moja kwamba mto umekauka. Tunaanza na koki, kisha tunafuata bomba hatua kwa hatua. Kompyuta nayo hukaguliwa kwa utaratibu huohuo, na kazi ya mwanzo haihitaji fundi wa kutoka wilayani.

Hatua ya kwanza ni kuuliza: ni kompyuta hii peke yake, au ni zote? Ikiwa ya jirani inafanya kazi, basi mtandao upo. Kilichoharibika kiko hapa mezani.

Hatua ya pili ni waya na taa. Pale waya wa mtandao unapochomekwa nyuma ya kompyuta, kwa kawaida huwa na taa ndogo. Isipowaka, huenda waya umelegea kwa kuvutwa na ufagio, umetafunwa na panya, au kifaa cha upande wa pili hakina umeme. Kwa kompyuta inayotumia mtandao usio na waya, tazama kama mtu hakuiweka katika hali ya ndege bila kujua. Kisha zima ruta, subiri nusu dakika, uiwashe tena na kuipa dakika chache. Lakini nawasihi, msichokoe kile kitundu kidogo cha nyuma kwa pini: huko ni kufuta mipangilio yote, na hapo ndipo safari ya fundi huwa ya lazima.

Hatua ya tatu ni anwani. Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao hupewa anwani ya tarakimu, na kwa kawaida ruta ndiyo huigawa. Mtumishi akifungua ukurasa wa mipangilio ya mtandao na kukuta anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo kasoro iko kati ya kompyuta na ruta, ndani ya jengo letu. Tusiilaumu kampuni ya mawasiliano kwa kosa lililomo chumbani mwetu.

Hatua ya nne ndiyo iliyomchelewesha mama yetu, na hapa sina budi kukiri kosa langu. Mtendaji alinipigia simu siku ya kwanza. Sikumuuliza lolote, nilimwambia asubiri, mtandao utarudi. Nilipofika mwenyewe, nilikuta waya mzima, taa zinawaka, anwani sahihi, na simu za watumishi zikipata intaneti kupitia ruta ileile. Ila saa ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayotunza saa wakati umeme umezimwa. Ikiisha, kompyuta husahau tarehe. Na mifumo ya malipo hufunguliwa kwa hati ya usalama yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani iko miaka ya nyuma huiona hati hiyo si halali, ikakataa kuungana. Nilirekebisha tarehe, mfumo ukafunguka papo hapo. Kisha nikabadili betri. Safari tatu za mama yule zilikuwa bei ya swali moja ambalo sikuliuliza.

Sisemi kwamba mtandao haukatiki kamwe. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo hata ukikaza waya wote wa ofisi hutaambulia kitu. Lakini hata siku hiyo, mwananchi hapaswi kurudishwa mikono mitupu. Jina lake, namba yake ya simu na shida yake viandikwe katika daftari. Mfumo ukirudi, aandaliwe namba ya malipo na kutumiwa kwa ujumbe wa simu.

Kwa watumishi nina ombi moja zaidi: haraka ya kutengeneza isiwafanye mkabidhi nywila ya mfumo kwa kijana wa duka la jirani, hata kama ni mjuzi. Nywila hiyo hufungua fedha na taarifa za watu.

Nanyi wananchi, kuuliza si ujinga. Mkiambiwa mtandao haupo, ulizeni kwa adabu: Ni kompyuta hii au zote? Taa na tarehe vimetazamwa? Nani amearifiwa, na saa ngapi? Hatua nilizozitaja nimeziandika katika karatasi moja, na leo naibandika ukutani mwa ofisi ya kata, mahali ambapo mtumishi ataiona, na mwananchi aliye kwenye foleni ataisoma pia.

Mama yetu leseni yake ameipata. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba atakayemfuata haji mara tatu.