Kabla Hujachimba Kisima

Msikilizaji wa Nizwa, wa Izki, na popote penye falaji, yaani mfereji wa jadi wa maji, nchini Oman! Maji yanayofika shambani kwako hayaanzii pale unapoyaona. Kwa falaji ya chini ya ardhi, yanaanzia kwenye kisima mama, karibu na milima. Kutoka hapo hushuka taratibu chini ya ardhi, bila pampu, kisha hutokeza juu na kwenda mitendeni.

Sasa sikiliza. Ukichimba kisima cha pampu karibu na kisima mama, unavuta maji yale yale. Falaji inakauka. Mtende wa jirani, uliopandwa na babu yake, unakufa ukiwa umesimama. Inauma kuutazama.

Kwa hiyo, mwone kwanza wakili, yaani msimamizi wa falaji yenu. Kisha omba kibali serikalini. Kibali kwanza, kisima baadaye. Narudia: kibali kwanza, kisima baadaye.