Nywele Zetu, Utosi Wetu na Yale Mafuta Tuliyouziana

(Mazungumzo ya Kamati ya Afya na Ustawi siku ya kilele cha miaka 10 ya kikundi)



Kamati yetu ilipangiwa kuzungumza juu ya lishe. Tuliomba ruhusa tubadilishe, tuseme habari ya nywele. Najua mtacheka, hata sisi tulicheka. Lakini mwenzetu mmoja hakuonekana mikutanoni kwa miezi saba. Hisa zake alikuwa akizituma kwa mtoto, na sisi tukadhani ana neno na mweka hazina. Kumbe alikuwa anaogopa kilemba kisije kikateleza mbele za watu. Na tusifichane jamani, wengine wetu tulikwisha kuanza kunong'ona kwamba anaumwa ugonjwa ule, au karogwa. Leo yupo hapa, na ametupa ruhusa kuyasema haya bila kumtaja.

Basi tuanze na unywele wenyewe. Unywele mmoja wa kichwani huota kwa miaka 2 hadi 6. Halafu shina lake hupumzika kama miezi 3, unywele unadondoka na mwingine unaanza. Kwa hiyo kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Na mzazi ambaye nywele zinamtoka kwa mafungu miezi michache baada ya kujifungua asimlaumu jirani kwa jicho baya. Wakati wa mimba nywele nyingi zilichelewa kupumzika, sasa zinapumzika kwa pamoja. Kwa kawaida hurudi zenyewe.

Upara wa kurithi ni habari nyingine. Hapo shina linasinyaa polepole. Kila unywele unaokuja ni mwembamba kuliko uliotangulia, na unaota kwa muda mfupi zaidi, mpaka yanabaki malaika tu. Kwa wanaume tunaujua: pembe za paji la uso, kisha utosi. Kwa sisi wanawake nywele za mbele mara nyingi hubaki, ila ule mstari wa kugawia nywele unazidi kupanuka hadi ngozi inaonekana.

Chanzo chake? Mwaka 1942 huko Marekani, mtaalamu James Hamilton aliandika juu ya wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe. Hawakuota kipara. Walipopewa homoni ya kiume, wale ambao kwao kuna vipara wakaanza kunyonyoka. Kwa hiyo ni urithi na homoni vikishirikiana, na urithi huo hutoka kwa baba na kwa mama pia, si kwa babu mzaa mama peke yake kama tunavyoambiana. Kwa wanawake homoni si maelezo yote, maana wengi wakipimwa homoni zao ziko sawasawa, na upara huu huonekana zaidi hedhi inapokoma. Lakini anayenyonyoka huku hedhi inaruka na ndevu zinaota, akapimwe. Vilevile apimwe upungufu wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu hivyo navyo humwaga nywele, na vinatibika.

Dawa ipo, ila si ya miujiza. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo kubwa la damu. Wagonjwa wakaota nywele mahali wasipotaka, ndipo ikatengenezwa ya kupaka. Marekani iliiruhusu kwa wanaume mwaka 1988, kwa wanawake mwaka 1991. Inapakwa kichwani kila siku, na wiki za kwanza nywele zinaweza kutoka zaidi. Wengi huachia hapo. Faida huonekana baada ya miezi 4 hadi 6, na ukiacha, upara unarudi njia yake. Mjamzito na anayenyonyesha asiitumie. Kidonge cha finasteridi, kilichoruhusiwa huko mwaka 1997, ni cha wanaume. Mama mjamzito asikishike hata kikiwa kimevunjika, kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Sasa tufike kwenye jambo letu. Mnakumbuka mradi wa mafuta ya nywele. Tulichemsha nazi, tukatia mwarobaini na vitunguu, tukauza chupa shilingi 5,000 tukisema yanaotesha. Mafuta yale yanalainisha, hilo kweli. Hayaoteshi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini faida tuliigawana.

Mwenzetu tuliyemsema alipaka mafuta yetu mwaka mzima. Utosi ulikuwa unamwasha na kuchoma kama pilipili, sisi tukamwambia ndiyo dawa inafanya kazi! Alipofika kwa daktari wa ngozi akaambiwa ule si upara wa kurithi wa kawaida. Ni ugonjwa unaotupata hasa sisi wanawake weusi, unaanzia katikati ya utosi na kutambaa kuzunguka, na mashina yanageuka kovu. Nao una urithi ndani yake. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kasoro ya chembe ya urithi iitwayo PADI3 kwa baadhi ya wagonjwa. Dawa ya kutuliza uvimbe huzuia usiendelee, lakini palipokwisha kuwa kovu hapaoti tena. Wakati wa kwenda hospitali ulikuwa pale ulipoanza kuwasha.

Ndugu yake wa karibu ni upara wa kuvutwa: rasta nzito, mabutu ya kubana hadi macho yanavutika, nywele za bandia za kushonea juu ya nywele iliyotiwa dawa. Pembeni panarudi nyuma. Ukifungua mapema hurudi, ukikaa miaka nako ni kovu. Watoto wetu wa shule tunawabana sisi wenyewe, kisha tukiona vipele kwenye mashina tunasema ni joto. Msusi akikuuliza kama inauma, mwambie ukweli. (Nasi tutajitahidi tusimwambie akaze.)

Kamati imekubaliana hivi, na Mwenyekiti ameridhia. Mafuta hayauzwi tena kwa jina la dawa. Kitabu cha mauzo anacho mweka hazina. Kila aliyenunua, mwanachama au mgeni, atarudishiwa shilingi 5,000 kwa kila chupa kutoka mfuko wa miradi, kuanzia leo baada ya chakula. Kabla ya kupokea, apite chumba cha pembeni. Muuguzi mwenzetu yumo, mlango unafungwa kwa ndani, mtu mmoja mmoja. Mwenye utosi unaowasha au ngozi inayong'aa ataandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi, na nauli atakopeshwa bila riba.