PANELI ZA POVU NA BWENI LETU JIPYA

(Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi ni fundi wa vyumba vya baridi. Kwa miaka mingi nimejenga na kutengeneza vyumba vya kuhifadhia samaki, nyama na maziwa. Sasa mezani kwa kamati yetu liko pendekezo la kujenga bweni jipya kwa paneli za povu, na tangu asubuhi wengi mmenivuta kando mkiniuliza: "Fundi, vitu hivi wewe unavijua. Tununue au tusinunue?" Nitajibu. Lakini kwanza tukijue kitu chenyewe.

Paneli ya namna hii ni bati mbili nyembamba, na katikati yake limegandishwa povu gumu. Bati hulipa povu nguvu, na povu huzizuia bati zisijikunje. Kazi kubwa ya povu ni kuzuia joto lisipite, na siri yake si ngeni kwetu. Blanketi halina moto ndani yake, ila huizuia hewa iliyo karibu na mwili isitembee. Nyumba ya nyasi ya babu zetu ilikuwa na ubaridi mchana na joto usiku kwa sababu hiyo hiyo: katikati ya nyasi ilikaa hewa iliyotulia. Tulipohamia kwenye mabati tulipata paa lisilovuja na lisiloliwa na mchwa, lakini tukaipoteza ile hewa. Ndiyo maana huku milimani Mbinga, mwezi wa Julai, mwanafunzi analala na blanketi mbili na bado anatetemeka. Nako Mbamba Bay, zaidi ya mita 800 chini yetu, mwezi wa Novemba watu wanatoka kulala barazani. Bati ni lile lile. Juu linaleta baridi, chini linaleta joto.

Sasa, ndugu zangu, povu si moja. Anayekuuzia "paneli" bila kukuambia ndani mna nini ni sawa na anayekuuzia gunia lililoshonwa.

Ya kwanza ni polistairini, ile nyeupe yenye punje punje inayofungiwa redio na televisheni kwenye maboksi. Ndiyo yenye bei nafuu. Ya pili ni poliurithani, yenye rangi ya maziwa au manjano na vitundu vidogo sana. Iligunduliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Ya tatu ni ndugu yake, ambayo mafundi huiita PIR. Imetengenezwa ili istahimili moto zaidi kidogo. Ya nne si povu, bali hushindanishwa nayo: ni sufu ya mawe, yaani mawe yaliyoyeyushwa yakavutwa kuwa nyuzi.

Tukizipima kwa kuzuia joto, poliurithani na PIR zinashinda. Paneli ya poliurithani yenye unene wa sentimita 10 hufanya kazi ya polistairini ya sentimita 15 hivi, na sufu ya mawe inakaribiana na polistairini. Ukitaka kupata kazi hiyo hiyo kwa tofali za kuchoma, itakubidi ujenge ukuta wenye unene wa karibu mita 3! Basi msishangae kwamba kwenye chumba cha kugandisha samaki, penye digrii 18 chini ya sifuri, hatutumii tofali peke yake.

Tukizipima kwa uzito, mita moja ya mraba ya poliurithani ya sentimita 10 ina kilo 12 hivi pamoja na bati zake, ambapo ya sufu ya mawe hufika kilo 18 au 20. Kwa mtu anayeteremsha mzigo kwenye kona za Mbinga hadi ziwani, au anayeupakia mashuani, hilo si jambo dogo.

Tukizipima kwa maji, hapo wengi huumia. Hewa ya ziwani ina unyevu mwingi, nao daima unatafuta kupenya kuelekea upande wenye baridi. Kiungo kikifungwa vibaya, unyevu huingia ndani ya ukuta, hugeuka maji, na kwenye chumba cha kugandisha hugeuka barafu. Povu lililolowa halizuii tena joto. Mashine inaunguruma usiku kucha, umeme unalika, na samaki wanaharibika. Kwa hiyo uzibaji wa viungo, hasa upande wa nje wenye joto, una thamani sawa na paneli yenyewe.

Limebaki pimo la nne, nalo ni moto. Hapa naomba niseme kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilijenga chumba cha samaki kando ya ziwa, si mbali na Mbamba Bay. Wenyewe walikuwa wavuvi waliochangishana fedha za mauzo ya usipa na mbasa. Fedha hazikutosha, nami nikawaambia polistairini itafaa. Viungo nilivifunga kwa haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Mwaka haukuisha, sisimizi wakawa wamejichimbia nyumba ndani ya povu, na chini ukutani maji yalikuwa yanatoka jasho. Nikaitwa nirekebishe. Nikaenda na mashine ya kuchomelea ili nifunge rafu mpya za vyuma. Nilichomelea karibu na ukuta. Nikaona bati limebadilika rangi kidogo, nikasema halina neno, bati haliungui.

Ni kweli bati haliungui. Lakini nyuma yake povu lilikuwa tayari linayeyuka. Moto ulitembea ndani ya ukuta, katikati ya bati mbili, mahali ambapo ndoo ya maji haifiki. Tulipouona ukitokeza, ulikuwa umekwisha fika darini, na matone ya moto yalikuwa yanadondoka. Moshi wake ulikuwa mweusi kama masizi ya chungu. Tulitoka mbio, tukasimama mchangani, tukatazama. Kabla maji ya kutosha hayajapatikana, paa lilikuwa limelala chini. Namshukuru Mungu hakufa mtu.

Mzee mmoja wa wavuvi wale alinitazama, akasema, "Mwanangu, tulikuomba jokofu, wewe umetujengea jiko." Sikuwa na la kujibu. Nilifanya kazi bila ujira mpaka chumba cha pili kiliposimama. Hicho ni cha poliurithani, viungo vimezibwa vizuri, kimejengwa mbali na nyumba za watu, na sheria ya kwanza iliyoandikwa mlangoni ni kwamba hapachomelewi chuma.

Msidhani ni ujinga wangu peke yangu. Mwaka 1993, huko Hereford, Uingereza, wazima moto wawili walikufa katika kiwanda cha kuku kilichojengwa kwa paneli kama hizi. Mwaka 2008, huko Icheon, Korea Kusini, wafanyakazi 40 walikufa katika ghala la baridi lililokuwa na povu la poliurithani. Na tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell, London, liliungua, watu 72 wakapoteza maisha. Jengo lile lilivikwa paneli za alumini zenye plastiki katikati, na nyuma yake mlikuwa na povu la PIR. Wenzetu wana magari ya zimamoto dakika chache kutoka mlangoni. Je, sisi?

Polistairini huyeyuka na kudondoka ikiwaka. Poliurithani haidondoki namna ile, hugeuka makaa, lakini moshi wake una sumu inayomwangusha mtu kabla ndimi za moto hazijamfikia. PIR huchelewa zaidi, lakini nayo huungua. Sufu ya mawe ndiyo peke yake isiyoulisha moto.

Sasa turudi kwenye bweni. Ninyi vijana mnalalia magodoro ya sponji. Sponji ile ni poliurithani laini, ndugu wa hiyo ya kwenye paneli. Kwa hiyo bweni lina kuni za kutosha tayari, hata kabla hatujaongeza kuta. Mwaka 1994, katika sekondari ya Shauritanga, Kilimanjaro, moto wa bweni uliwaua wasichana zaidi ya 40. Mwaka 2009, Idodi, Iringa, uliwaua 12. Kwa jirani zetu Kenya, Kyanguli, mwaka 2001, walikufa wavulana 67. Misiba hiyo haikungoja kuta za povu. Sisi tukiweka povu tutakuwa tumeusogezea moto kuni.

Ndugu Mwenyekiti, sisemi paneli ni mbaya. Ndizo zinazonilisha. Ninasema kila kitu na mahali pake. Wamatengo walichimba ngoro kwa sababu ardhi yao ni ya mteremko, na mashimo yale huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Ngoro ni maarifa makubwa. Lakini hakuna aliyekwenda kuchimba ngoro kwenye mchanga wa Liuli. Watu wa ziwani walipanda muhogo, nao walikuwa na akili zao. Kadhalika, ngoro ya samaki ni poliurithani. Ngoro ya mwanafunzi aliyelala ni nyingine.

Basi pendekezo langu ni hili. Bweni lijengwe kwa tofali za kuchoma, ambazo hapa Mbinga tunazo na mafundi wake tunao. Paa liwe la bati, dari iwe ya jipsamu, na juu ya dari itandazwe sufu ya mawe. Hapo mtapata joto la Julai na kupunguza kelele za mvua. Milango iwe miwili, ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kwa kufuli watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na nondo zisizofunguka. Najua paneli zingesimama kwa wiki chache, na tofali zitatuchukua miezi. Hiyo miezi mimi niko tayari kuingoja. Kama fedha itabaki, tujenge chumba kidogo cha baridi cha poliurithani kando ya jiko, kwa samaki wanaopanda kutoka ziwani kwa ile barabara ya lami. Hicho nitakijenga mimi mwenyewe bila ujira.

Na kwenu vijana mnaotaka ufundi: mtu akiwaletea paneli, ombeni kipande. Kivunjeni. Kikitoa punje nyeupe, ni polistairini. Kikiwa na unga wa manjano, ni jamii ya poliurithani. Kikiwa na nyuzi, ni sufu ya mawe. Kipelekeni nje, mbali na nyumba, mwalimu akiwapo, mkiwashe kwa kiberiti huku mmesimama upande upepo unakotoka, msije mkavuta moshi. Mtakachokiona hapo mkikumbuke siku mtakapokuwa ninyi ndio wenye kalamu ya kutia sahihi.

Mimi nilijifunza baada ya chumba kuungua. Ninyi jifunzeni kwa kipande kimoja.