Mfadhili Atajwe Vipi Katika Matangazo Yetu

(Maelezo yaliyotolewa Bujumbura mbele ya viongozi wa vikundi vya sanaa, katika matayarisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Kamati imetupa nafasi tuzungumze juu ya yale maneno na ile alama tunayoweka chini ya tangazo, kwenye fulana, kwenye bango la kitambaa na mwanzoni mwa filamu, ili kumtaja aliyetoa fedha. Wengi wanaliona kuwa jambo la mpiga chapa. Lakini hapa mjini tunakijua kikundi cha maigizo kilichokaa miezi mingi bila kulipwa awamu ya mwisho ya ruzuku, kwa sababu katika picha zote walizopeleka alama ya mfadhili haikuonekana hata mara moja. Mchezo ulichezwa vizuri na watu walijaa mpaka mlangoni. Mfadhili alikuwa mbali, hakuwa na macho mengine ila zile picha. Wachezaji wakabaki na deni la fundi cherehani na la mwenye spika.

Kwa hiyo, ndugu zetu, someni mkataba kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Tuchukue mfano wa Umoja wa Ulaya, ambao kanuni zake zimeandikwa wazi. Anayepokea fedha zake anatakiwa kuonyesha bendera yenye nyota 12 na kando yake maneno kwamba kazi imefadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Ikiwa Umoja huo umetoa sehemu tu, maneno hubadilika: kazi imefadhiliwa pamoja na wengine. Bendera isipungue urefu wa sentimita 1, isichanganywe na mchoro mwingine, wala isifichwe na alama za wafadhili wengine. Maneno yale yanaweza kuandikwa kwa lugha ya mahali. Ombeni basi yawe kwa Kiswahili au Kirundi, ili mtu anayepita Buyenzi akienda sokoni ayaelewe.

Katika machapisho huongezwa sentensi isemayo kwamba maoni ni ya mwandishi na si lazima yawe ya Umoja wa Ulaya. Vijana wetu wengine wanaiona sentensi hiyo kama mfadhili anawakana. Sisi tunaipenda. Inamwambia msomaji kwamba fedha ilitoka kule, na maneno ni yetu.

Tuje kwenye alama inayotugusa zaidi, yaani ile ya HCR. Tangu azimio namba 92 (I) la Baraza Kuu, tarehe 7 Desemba 1946, jina na nembo ya Umoja wa Mataifa havitumiwi bila ruhusa. Hiyo ni sheria. Lakini hata bila sheria, sisi wenyewe tunajua alama ile inasema nini kambini. Mama akiona ile mikono miwili inayomkinga mtu, hasomi kwamba kuna ngoma saa nane. Anaona HCR inaita watu. Anatafuta vyeti vya watoto, anabeba bahasha yake, anakuja kupanga mstari akidhani ni habari ya kupelekwa nchi ya tatu. Watu wa namna hiyo tumewaona wakifika kwenye mazoezi ya kwaya, na bahasha imeshikwa kwa mikono miwili. Ni nani kati yenu atakayemweleza kwamba alama iliwekwa kupamba karatasi?

Basi, hata kama HCR imewapa turubai au gari, ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya kuweka alama. Wakikataa alama, ombeni mwaandike kwa maneno: "HCR imetoa usafiri." Hayo hayamdanganyi mtu.

Wapiga ngoma wa hapa nao wana mtego wao. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ni heshima kubwa kwa wenyeji wetu. Ila kuandikwa katika orodha si kulipiwa ngozi, wala nauli. Kikundi kinachobandika nembo ya UNESCO kwenye tangazo la harusi kinatumia kitu ambacho hakikupewa, na watazamaji wanaamini kuna fedha kutoka Paris. Maneno "kwa msaada wa" tunayatumia ovyo hivyo hivyo. Msaada gani? Fedha, ukumbi, barua ya utambulisho au kusifiwa tu? Semeni.

Mtatuuliza: kama mwenye fedha ameridhika, mtazamaji anahitaji nini? Tunawakumbusha habari ya jirani zetu wa Kampala. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere. Chinua Achebe alikuwapo, na Wole Soyinka, na kijana mwanafunzi aliyeitwa wakati ule James Ngugi. Mkutano huo ulilipiwa na shirika lililojiita la uhuru wa utamaduni, lenye makao yake Paris. Fedha za shirika hilo zililifikia pia gazeti la Transition, ambalo Rajat Neogy alilianzisha Kampala mwaka 1961. Miaka ya 1966 na 1967 ikafichuka kwamba shirika lile lilikuwa likipewa fedha kwa siri na CIA, idara ya ujasusi ya Marekani. Vitabu vilivyoandikwa vilikuwa vya waandishi wenyewe, na vingine vinasomwa hadi leo. Lakini hata waliokuwa hawajui lolote iliwabidi kujibu: mlikuwa mnasema kwa niaba ya nani? Jina lililokuwa mlangoni halikuwa la mwenye nyumba. Ndiyo maana tunasema kwamba jina la mfadhili ni haki ya mtazamaji kabla ya kuwa zawadi kwa mfadhili. Mkipewa fedha na mtu wa kati, mwulizeni naye amezipata wapi, mkaandike yote mawili.

Hapa kambini swali hilo linakuja kwa njaa. Mgao wa chakula ukipunguzwa, halafu mtu akaona nembo kubwa kifuani mwa mchezaji, atauliza ya unga imekwenda wapi ikiwa ya ngoma ipo. Ana haki ya kuuliza. Tangazo peke yake haliwezi kumjibu. Tunashauri kila kikundi kinachopata ruzuku kisome hadharani, mbele ya kamati na wakaaji wa kambi, nani ametoa, kiasi gani, kwa kazi ipi, na kwamba fedha hiyo haikukatwa kwenye mgao wa mtu. Kikundi kinachoogopa kusoma kiasi hicho, sisi hatuoni kama kina sababu ya kuvaa fulana ile.

Tena wekeni mwaka. Mabango ya kitambaa hayatupwi, tunayakunja na kuyatumia tena. Zamani mengi yalikuwa na alama ya USAID na maneno kwamba msaada unatoka kwa watu wa Marekani. Shirika hilo liliacha kuendesha misaada tarehe 1 Julai 2025. Anayelitundika bango lile leo bila mwaka anatangaza fedha ambayo haipo, na watu watamdai.

Kuna nyakati ambapo kutaja kunaleta hatari. Toka Machi 2016 hadi Februari 2022 Umoja wa Ulaya ulikuwa umesimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali ya Burundi. Katika miaka kama hiyo bendera kwenye ukuta husomwa kama msimamo wa siasa, hata na polisi wa barabarani. Kanuni za Umoja wa Ulaya zenyewe zinakubali alama isionyeshwe pale ambapo usalama au siasa za mahali zinahitaji hivyo. Lakini hilo huombwa mapema, na jibu huhifadhiwa kwenye faili. Anayeificha alama kimya kimya atakosa fedha, na wenye mamlaka nao hawatamwamini.

Kuhusu mpangilio wa majina, jina la kazi na la aliyeitunga litangulie. Hapa Bujumbura Studio Ijambo ilianzishwa mwaka 1995 na shirika la Search for Common Ground, na baadaye ukaja mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango. Mchezo huo unajulikana kwa jina la mwandishi wake, Marie-Louise Sibazuri. Ndivyo inavyopasa. Chini ya mtunzi waje wachezaji, kisha wafadhili, kisha wale wasio na nembo: mwenye ukumbi, mama aliyepikia wachezaji, kijana aliyetoa baiskeli. Hao tuwaandike kwa herufi za ukubwa ule ule.

Liko karatasi moja ambalo halipokei alama ya mtu yeyote. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, pale Gatumba, karibu na mji huu, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa. Kila tunapowakumbuka, majina yao husomwa. Aliyelipia viti atajwe kwenye karatasi la ratiba, na ashukuriwe kwa mdomo mwisho wa shughuli. Orodha ya marehemu ibaki na majina yao tu. Mfadhili akilazimisha, kamati iko tayari kuandika barua kwa jina lake, ili kikundi kisibebe ugomvi huo peke yake.

Wenye matangazo ya tarehe 20 wayalete kwa katibu yakiwa bado kwenye penseli, pamoja na nakala ya mkataba. Mpiga chapa akishaanza, marekebisho yanalipiwa.