Kidonge cha Daku: Mwenye Kutumia Prednisoloni na Saumu Yake

(Mada iliyotolewa kwa waumini jijini Mwanza)

  



Ukiingia mwezi wa Shaabani, maswali ya dawa huanza. Mtu husubiri darsa imalizike, akatoa mfukoni kibahasha cha dawa kilichoandikwa kwa kalamu “1×1”, kisha akauliza: “Ustadhi, hiki nitakimeza saa ngapi, na mimi nataka kufunga?” Kwa dawa nyingi jawabu huwa jepesi. Lakini zipo dawa ambazo saa ya kuzimeza ni sehemu ya tiba yenyewe, na mtu akiihamisha kwa kukisia hujidhuru. Leo nitazungumzia moja tu katika hizo, nayo ni prednisoloni, vile vidonge vidogo, vingi vikiwa vya miligramu 5, ambavyo hupewa wenye pumu iliyochachamaa, wenye baridi yabisi, watoto wenye maradhi ya figo yanayovimbisha mwili, na wagonjwa wengine. Niliyoyapata kuhusu mwili nimeyachukua kwa matabibu, na yanayohusu saumu nimeyachukua kwa wanavyuoni.

Allah (s.w.) ameweka juu ya kila figo tezi ndogo. Tezi hizo mbili hutengeneza homoni iitwayo kotisoli, ambayo bila ya hiyo mwanadamu haishi. Huupa mwili nguvu ya kustahimili njaa, homa na majeraha, na husaidia kulinda sukari na msukumo wa damu visishuke kupita kiasi. Kotisoli haitoki kwa kiwango kimoja mchana na usiku. Kwa mtu alalaye usiku, hufikia kiwango cha chini kabisa karibu na usiku wa manane. Kisha, katika theluthi ya mwisho ya usiku, tezi iliyo chini ya ubongo huanza kutoa amri, kotisoli ikapanda, ikafikia kilele asubuhi mtu anapoamka. Kutoka hapo hushuka taratibu hadi usiku.

Prednisoloni ni dawa ya jamii ya steroidi, iliyotengenezwa kwa mfano wa homoni hiyo. Mwaka 1948, huko Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa amelemaa viungo, akaweza kutembea. Mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Madhara ya dawa hizi yalikuja kujulikana baadaye, na mengi katika hayo yamefungamana na kiasi na muda wa kuzitumia. Saa ya kuzimeza nayo ina sehemu yake.

Ukimeza prednisoloni asubuhi, inaingia mwilini wakati ambapo kotisoli yenyewe iko juu, na tezi hazishtuki sana. Ukiimeza usiku, ubongo unaikuta dawa imejaa katika damu saa ile ile ulipokuwa utoe amri yake ya alfajiri, ukanyamaza. Mtu akifanya hivyo wiki baada ya wiki, tezi zinazidi kulala. Tena dawa hii huufukuza usingizi, kwa hiyo anayeimeza baada ya tarawehe hukesha akigeuka kitandani, kisha akaja kulalamika kuwa amerogwa. Hii ndiyo sababu matabibu humwambia anayemeza mara moja kwa siku: asubuhi, baada ya chakula, na vidonge vyote kwa pamoja. Ukiambiwa sita, ni sita kwa mara moja. Usivigawe viwili asubuhi, viwili mchana na viwili usiku kwa kuogopa wingi wake, isipokuwa daktari amekuagiza uvigawe.

Sasa turudi kwenye kile kibahasha. “1×1” maana yake ni kidonge kimoja mara moja kwa siku. Saa haikutajwa! Na hata ikitajwa, zipo balaa za saa zetu. Mfamasia akiandika “8:00” akikusudia saa mbili asubuhi, mzee wetu wa kijijini atasoma saa nane, ama ya mchana au ya usiku. Basi mwombe aliyekupa dawa aandike kwa maneno: “asubuhi baada ya kula”. Ni haki yako.

Sasa, mwenye kufunga asubuhi yake ni ipi? Ni daku. Prednisoloni ikishamezwa, kazi yake hudumu kwa muda wa saa 12 hadi 36, kwa hiyo kidonge cha daku kinamtosha mtu mchana wake wote. Hapa kwetu, kwa kuwa tu karibu na mstari wa ikweta, hatuna taabu ya ndugu zetu wa Ulaya ambao kiangazi mchana wao hufika saa 17 na zaidi. Mwanza alfajiri huingia kati ya saa 11 na robo na saa 12 kasorobo, na jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika kumi hivi, mwaka mzima. Saumu yetu ni kama saa 13 na dakika ishirini, iwe Ramadhani imeangukia Juni au Desemba.

Lakini daku ipi? Wengi wetu tuna mazoea ya kula saa sita au saa saba za usiku, tukalala, tukaita ile ndiyo daku. Kidonge kilichomezwa saa hiyo ni kidonge cha usiku, na madhara yake ni yale niliyoyataja. Sunna ya Mtume (s.a.w.) ni kuichelewesha daku na kuiharakisha futari. Zayd bin Thabit (r.a.) alipoulizwa muda uliokuwapo kati ya daku yao pamoja na Mtume (s.a.w.) na swala, alieleza kuwa ni kadiri ya kusoma aya khamsini. Aya ya 187 ya Suratul-Baqara imeruhusu kula na kunywa mpaka ibainike alfajiri, na zile kalenda zinazoandika “imsaki” dakika kumi au ishirini kabla ya alfajiri zimembana mtu pale ambapo Mola wake hakumbana. Mgonjwa akiamka saa kumi na nusu, akala chakula chake, akameza kidonge juu ya chakula ili kisimuumize tumbo, akanywa maji, bado anao wasaa. Sisemi kwamba Sunna inangoja ushahidi wa tezi ndipo ikubalike. Nasema anayeifuata katika jambo hili amekuwa karibu zaidi na maelekezo ya daktari wake kuliko anayekula usiku wa manane.

Haya yote ni kwa yule ambaye daktari wake ameridhia afunge. Wapo wasiofaa kufunga. Mwenye pumu iliyompanda anayehitaji dawa mara kwa mara mchana hafungi mpaka apate nafuu. Mtu ambaye tezi zake zimekufa, anayeishi kwa haidrokotisoni, kwa kawaida humeza mara mbili au tatu kwa siku, sehemu kubwa akiwa ameamka asubuhi na nyingine mchana, kwa sababu dawa hiyo haikai mwilini muda mrefu. Huyu asijipangie mwenyewe. Wapo madaktari ambao humhamishia mgonjwa wa namna hii kwenye prednisoloni ya daku katika Ramadhani, lakini hilo hufanywa kwa uangalizi, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, wala halifai kwa kila mgonjwa. Hapa Mwanza tunazo Bugando na Sekou Toure. Nendeni Rajabu na Shaabani, msingoje mwezi uonekane.

Na hatari kubwa kuliko zote ni ya mtu kuacha vidonge ghafla kwa nia njema. Anasema: Ramadhani ni mwezi wa shifaa, nitapumzika dawa siku thelathini. Mtu aliyetumia prednisoloni zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zake huenda zimekwisha kulala. Kotisoli yake ni ile ya kidonge. Akikiacha kwa siku moja, hana ya kidonge wala ya mwili. Hushikwa na udhaifu mkubwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Msukumo wa damu unaporomoka, na asipowahishwa hospitali hufa. Jamaa zake watasema ni malaria au ni saumu imemwelemea. Dawa hii huachwa kwa kupunguzwa hatua kwa hatua kama daktari atakavyopanga. Na anayeitumia kwa muda mrefu, akipata homa kali au akatapika kidonge chake, afuturu siku hiyo na apelekwe hospitali, hata kama zimebaki dakika ishirini kwa Magharibi.

Ndugu zangu, Abu Daud amepokea kwa Jabir (r.a.) habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwakemea vikali mno, kwa kuwa walifutu bila elimu na hawakuuliza. Wale walikuwa watu wema, na hawakukusudia ila kuihifadhi ibada. Basi anayemwambia mama mzee mwenye baridi yabisi “acha vidonge, funga, tawakali” na atazame amesimama na nani. Ruhusa ya mgonjwa imo katika aya ya 184 na ya 185 za sura hiyo hiyo. Atalipa siku zake akipona, na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona atalisha maskini kwa kila siku.

Lipo pia suala la sukari. Prednisoloni ya asubuhi hupandisha sukari ya damu hasa kuanzia mchana hadi jioni, yaani inakutana uso kwa uso na futari yetu ya tende, uji mtamu, maandazi na sharubati. Mwenye kisukari, au aliyeanza kukojoa sana na kushikwa na kiu tangu aanze vidonge, apimwe. Kupimwa damu kidoleni hakufunguzi.

Kuhusu watoto, sisi walimu wa madrasa tunawaona: mtoto wa figo amekuja na mashavu mviringo, ana njaa isiyokwisha, hasira za ghafla, na darasani anasinzia. Wenzake humcheka. Mwalimu asimpige wala asimwambie mzazi wake kuwa dawa zinamharibu. Amuulize tu humeza saa ngapi, maana akimeza jioni huenda usiku hapati usingizi. Wengine hufika hatua ya kupewa siku moja na kuachishwa siku moja, na hapo mzazi ahesabu siku kwa kalenda. Saumu haijamwajibikia kabla ya kubaleghe, basi asishindanishwe na wenzake.

Ama dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo, wanavyuoni wamekhitalifiana. Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin wameona haifunguzi, nami nafuata kauli hiyo. Ile ya steroidi ya kuvuta, inayotumiwa asubuhi na jioni, inaweza kupangwa daku na futari ukatoka kabisa katika khitilafu, kisha usukutue kinywa. Ile ya kuokoa pumzi haingoji Magharibi.

Wamebaki ndugu zetu wavuvi wa dagaa wa Ukerewe, Kome na kambi nyingine za ziwa hili, ambao usiku wa giza huwa majini na taa zao, na hulala mchana. Wao asubuhi yao imegeuka, lakini si mwezi mzima, kwa kuwa mbalamwezi ikikaza hubaki nchi kavu. Mvuvi mwenye vidonge hivi amweleze daktari ratiba yake yote, siku za giza na siku za mwezi, ili apangiwe saa yake. Akienda kambini achukue vidonge vya kutosha na siku za ziada, kwa sababu upepo ukichafuka na mtumbwi ukakosa kuvuka, duka la kambini huenda lisiwe navyo. Avifunge katika mfuko usiopitisha maji, aviweke pamoja na chakula chake cha daku.